Ganda la Risasi na Wahunzi wa Samori

Ukiulizwa, msomaji, kwa nini nchi nyingi za Afrika zilitekwa na Wazungu katika miaka 20 ya mwisho ya karne ya 19, yamkini utajibu upesi kwamba wao walikuwa na bunduki, na babu zetu walikuwa na mikuki na mishale. Jibu hilo si uongo, walakini ni nusu tu ya kweli, na mwenye kuridhika nalo hataona haja ya kuuliza zaidi. Walikuwako Waafrika waliokuwa na bunduki nyingi na nzuri, wakajua kuzitumia, na hata kuzitengeneza kwa mikono yao. Mmoja wao ni Samori Touré wa Afrika ya Magharibi, aliyepambana na Wafaransa tangu mwaka 1882 hata mwaka 1898. Askari wake walishika bunduki za namna ile ile waliyoishika askari wengi wa adui zao, na wahunzi wake walizifua nyingine kwa nyundo na fuawe. Mbona basi alishindwa?

Sababu ni nyingi, nami nitazitaja kadiri nafasi inavyoruhusu. Lakini mojawapo ni kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole cha mtu mzima, ambacho vitabu vya historia hukipita bila kukitazama. Kitu hicho ni ganda la shaba linaloshika baruti na risasi. Nataka tulichunguze ganda hili kwa makini, na hasa shingo yake, kwa kuwa katika shingo hiyo nyembamba tutaona mahali ambapo ustadi wa wahunzi wa Samori ulifika, na mahali ulipokoma.

Kwanza hapana budi tufahamu bunduki za zamani. Gobori, ambayo watu wa pwani na wa bara waliizoea sana katika siku za misafara, ilijazwa kwa mdomoni. Mwenye gobori alimimina baruti mtutuni, akatia kitambaa au makumbi ya nazi, akatumbukiza risasi, kisha akashindilia kwa ufito ulioitwa mdeki. Baada ya hayo akaweka fataki mahali pake. Au, kama bunduki yake ilikuwa ya gumegume, akategemea cheche za jiwe. Mtu hodari aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Na mvua ikinyesha, huenda asipige hata mara moja.

Juu ya kasoro hizo zote, gobori ilikuwa na fadhila moja kubwa: haikuchagua chakula. Risasi ilipokosekana, mwenyewe alitia vipande vya chuma au changarawe. Baruti ilipokwisha, mafundi wa nchi nyingi za Afrika waliweza kutengeneza nyingine, kwa kuwa baruti nyeusi si kitu ila makaa, kiberiti na shura. Mwenye gobori hakuwa mtumwa wa kiwanda cha mbali. Uikumbuke fadhila hiyo, msomaji, kwa maana tutairudia.

Katika Ulaya, askari walikwisha kuacha kupima baruti vitani. Walipewa baruti iliyopimwa tayari, imefungwa katika karatasi pamoja na risasi yake. Wazee wa pwani waliita kifurushi hicho kiasi, na jina lenyewe laonyesha maana yake, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kipimo cha mlio mmoja. Kisha wakazuka mafundi waliotaka kuingiza kiasi hicho kwa nyuma ya mtutu badala ya mdomoni, ili askari aweze kujaza upesi hali amelala chini. Mwaka 1841 dola ya Prussia iliichagua bunduki ya namna hiyo, iliyobuniwa na Johann Nikolaus von Dreyse, na mwaka 1866 ikaitumia kuwashinda Waaustria katika vita vya Königgrätz. Dunia nzima ikashangaa.

Hata hivyo bunduki ile ilikuwa na ugonjwa. Mtutu unapofunguliwa kwa nyuma, lazima pawe na ufa kati ya mtutu na kizibo chake, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Baruti ilipowaka, moto na moshi vilipenya katika ufa huo, vikamrukia askari usoni, na nguvu iliyopaswa kuisukuma risasi ikapotea bure. Wafaransa, katika bunduki yao ya Chassepot ya mwaka 1866, walijaribu kuuziba ufa kwa pete ya mpira. Wakafaulu kidogo, lakini mpira uliungua na kuchakaa, na moshi ukaanza tena kuvuja.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu sehemu kama 70 katika 100 iliyochanganywa na zinki sehemu 30. Wewe umemwona sonara au umesikia habari zake, jinsi anavyovuta uzi wa fedha katika tundu la chamburo mpaka ukawa mwembamba. Kazi ya kutengeneza ganda yafanana na hiyo. Kisahani cha shaba husukumwa katika tundu la chuma kigumu, kikawa kikombe. Kikombe husukumwa katika tundu jembamba zaidi, kikawa mwanzi mrefu wenye kitako. Kitakoni huwekwa fataki. Mdomoni hubanwa, ukafanyika mfano wa mabega na shingo ya chupa, na shingo hiyo ndiyo inayoikamata risasi.

Sasa angalia ajabu yake. Baruti inapowaka ndani, ganda hutanuka kwa nguvu ya moshi, likajibandika kwenye kuta za mtutu pande zote, wala hapabaki nafasi ya moshi kuvuja nyuma. Risasi ikisha kutoka na nguvu ile ikapungua, shaba hujikunja tena kidogo, kwa tabia yake ya kurudi ilikotoka, likaachana na kuta. Na kwa hiyo askari huweza kulitoa kwa urahisi na kuingiza jingine. Kama shaba ingekuwa laini mno, ganda lingekwama ndani. Kama ingekuwa ngumu mno, lingepasuka. Ganda ni kizibo kinachojiziba na kujizibua chenyewe kwa muda usiofikia kufumba na kufumbua. Mwaka 1874 Wafaransa waliiacha karatasi ya Chassepot, wakachukua bunduki ya Gras, yenye ganda la shaba na risasi ya upana wa milimita 11. Mwaka 1878 wanamaji wao wakapewa bunduki ya Kropatschek, iliyotumia ganda lile lile, lakini ikiweza kuweka akiba ya viasi 7 katika bomba lililo chini ya mtutu, askari akapiga mfululizo.

Utaona kwamba ganda la karatasi likisha kutumika limekwisha, limekuwa majivu. Ganda la shaba sivyo. Likisha kupigwa hubaki zima, lina joto na weusi wa moshi, nalo laweza kujazwa tena. Lakini halijazwi hivi hivi. Kwanza fataki iliyokufa lazima itolewe, na nyingine itiwe. Pili, na hapa ndipo penye ufundi, shingo imekwisha kutanuka. Ukiitia risasi mpya katika shingo hiyo itapwaya, na huenda ikatumbukia ndani juu ya baruti au ikaanguka njiani. Basi fundi hulisukuma ganda katika tundu la chuma kigumu lenye upana uliopimwa, mfano wa chamburo, ili shingo irudi kuwa nyembamba na kuibana risasi barabara: isiwe legelege, wala isiwe kaba.

Tena kuna jambo la kujua. Ganda lililopigwa katika bunduki fulani limekwisha kuchukua umbo la tumbo la bunduki hiyo. Likirudishwa katika bunduki iyo hiyo, kwa kawaida yatosha kuibana shingo peke yake. Lakini likipelekwa katika bunduki nyingine, ambayo tumbo lake limezidi au limepungua hata kwa unene wa karatasi, huenda lisiingie, na hapo hapana budi kulibana mwili mzima. Na kila shaba inapobanwa na kutanuka, kisha ikabanwa tena, huzidi kuwa ngumu, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika. Mwisho shingo hupata ufa. Fundi mwenye akili huweza kuuahirisha mwisho huo kwa kuichoma shingo motoni kwa kadiri, ili shaba ilegee. Lakini hawezi kuuondoa. Kila ganda lina umri wake.

Wala usidhani kwamba viwanda vya Ulaya viliifahamu shaba hiyo yote kwa siku moja. Waingereza katika Bara Hindi walikuwa wakiweka viasi vyao mazizini wakati wa mvua za masika, na zilipokwisha wakakuta maganda mengi yamepasuka yenyewe bila kupigwa, hasa mahali palipobanwa ili kuikamata risasi. Watu walistaajabu kwa miaka mingi. Mnamo mwaka 1921 ndipo wataalamu walipoeleza wazi kwamba mvuke wa amonia utokao katika mkojo wa farasi uliishambulia shaba iliyobaki na mkazo tangu ilipobanwa kiwandani, na kwamba ganda likipashwa moto kwa kadiri, mkazo huo huondoka. Ikiwa mabwana wa viwanda wenyewe walikuwa bado wakijifunza tabia ya shingo hiyo mwaka 1921, basi tuwapime kwa haki wahunzi wa Kiafrika waliopambana nayo miaka 30 kabla, chini ya paa la nyasi.

Sasa na tuwaendee wahunzi hao. Samori Touré alizaliwa mnamo mwaka 1830 katika nchi ambayo leo yaitwa Guinea. Alikuwa kijana mfanya biashara. Mama yake alipotekwa vitani, Samori alijitoa kuwatumikia waliomteka ili apate kumkomboa. Na masimulizi ya nchi yake husema kwamba alitumikia miaka 7, miezi 7 na siku 7. Katika utumishi huo alijifunza vita. Alipotoka, alikusanya watu wake, akajenga dola kubwa ya Wassoulou, mji wake mkuu ukiwa Bissandougou, na mwaka 1884 akajitwalia cheo cha Almami, yaani imamu na kiongozi wa waumini.

Samori alikuwa mtu wa kupima mambo. Mapema aliona kwamba gobori haitoshi, naye akapeleka wafanya biashara wake mpaka Freetown, katika Sierra Leone iliyotawaliwa na Waingereza, kununua bunduki za kujazia nyuma. Alilipa kwa dhahabu na pembe za ndovu. Na farasi wake alinunua kaskazini kwa watu waliotekwa vitani. Neno hili la mwisho ni chungu, msomaji, lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kulificha: nguvu za Samori zilijengwa pia juu ya machozi ya vijiji alivyovishinda. Wanahistoria wamekadiria kwamba kufikia mwaka 1893 alikuwa amejikusanyia bunduki za kupiga upesi zipatazo 6,000, zikiwamo Gras na Kropatschek zile tulizozitaja. Hivyo katika mapambano mengi pande zote mbili zilipigana kwa bunduki za aina moja, ila mizinga ambayo Samori hakuwa nayo.

Juu ya kununua, aliwakusanya wahunzi wa nchi yake, akawapa kazi ambayo hakuna mhunzi wa eneo lile aliyewahi kupewa. Wakaanza kwa kutengeneza zilizovunjika. Mtu anayetengeneza kitu hukifungua, na anayekifungua hujifunza siri yake. Baadaye wakafua mitutu na mitambo, wakatoa bunduki mpya kwa kuiga zile za Ulaya, hata Kropatschek yenye bomba la akiba, ambayo vipande vyake vingi vidogo vingemsumbua fundi yeyote. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na nyundo, tupa, koleo, viriba na macho yao.

Walitengeneza viasi pia. Maganda yaliyokwisha kupigwa yaliokotwa, yakarudishwa kwa wahunzi, yakajazwa upya. Jaribu kuifikiria kazi ile: ganda lililotanuka laondolewa fataki iliyokufa, lasafishwa masizi, shingo yake yabanwa tena, latiwa baruti ya nchi na risasi iliyomiminwa katika kalibu, kisha larudi mkononi mwa askari. Ganda lililofuliwa katika kiwanda cha Ufaransa ili limwue mtu wa Samori laweza kuwa limeokotwa na mtu huyo huyo, likapigwa tena kuelekea lilikotoka.

Lakini yale tuliyojifunza juu ya shingo ya ganda yatuonyesha tabu yao. Bunduki inayotengenezwa kwa mkono haifanani kabisa na ndugu yake. Tumbo la hii limezidi kidogo, la ile limepungua. Kwa hiyo ganda lililozoea bunduki moja laweza kukataa kuingia katika nyingine, au likaingia na kukwama wakati adui anasogea. Kiwanda cha Ulaya hutoa maganda maelfu kwa maelfu yanayolingana, na bunduki zinazoyalingana. Na hiyo ndiyo nguvu ya kiwanda, kuliko hata wingi wake. Tena baruti ya nchi ilifaa sana gobori, walakini katika viasi vya shaba haikusukuma sawa na ile ya viwandani, na masizi yake yalijaza mitutu. Fataki nayo yahitaji dawa inayolipuka kwa kugongwa, ambayo si kazi ya fuawe bali ya wanakemia. Na kila ganda, kama tulivyosema, lina umri wake. Lililopasuka shingo halifai tena ila kuyeyushwa, na kutoka shaba iliyoyeyushwa mpaka ganda jipya ni safari inayohitaji mashine za kukandamiza ambazo wahunzi wale hawakuwa nazo. Bunduki moja iliyofuliwa vizuri yaweza kudumu miaka mingi. Maganda huisha kwa miezi. Kwa hiyo Samori aliweza kujitengenezea bunduki, walakini alibaki kutegemea maganda ya wengine.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Tarehe 2 Julai 1890, katika mji wa Brussels, dola za Ulaya pamoja na nyingine zilitia sahihi mkataba mkuu wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo zilikubaliana pia kuzuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa na viasi vyake katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya Ikweta. Kenya yetu imo katika eneo hilo, na nchi ya Samori imo pia. Sasa ikumbuke ile fadhila ya gobori. Mkataba uliruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifereo mtutuni, na baruti ya kawaida ya biashara. Walioandika mkataba walijua vema walilolifanya: Mwafrika aliachiwa bunduki ya jana, akanyimwa ya leo, na aliyekwisha kuipata ya leo alinyimwa chakula chake.

Mwaka 1891 jeshi la Ufaransa chini ya Archinard lilitwaa Kankan, na mwaka 1892 jeshi la Humbert likatwaa Bissandougou baada ya mapigano makali. Mwaka 1893 Combes aliikata njia ya kwenda Sierra Leone na Liberia, ambako silaha na viasi vilikuwa vikipatikana. Samori akafanya jambo ambalo wachache wamewahi kulifanya. Aliihamisha dola yake kuelekea mashariki, akiteketeza mashamba na vijiji nyuma yake ili Wafaransa wasipate chakula, na mbele yake akiteka nchi mpya. Akaweka makao Dabakala, katika nchi iitwayo leo Côte d'Ivoire, na huko wahunzi wake wakaendelea kufua. Lakini watu wa nchi zile walimwona kuwa mvamizi, si mkombozi. Mwaka 1895 aliuteka mji wa Kong, uliosifika kwa elimu na biashara, na mwaka 1897 akauharibu. Aliyetaka kuwazuia wageni akawa mgeni mkali katika nchi za jirani zake, na hivyo akapoteza urafiki ambao ungemfaa kuliko bunduki.

Wakati huo huo Ulaya haikusimama. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu kuliko baruti nyeusi. Serikali ya Ufaransa ilitaka bunduki mpya kwa haraka, hata isingoje kubuni ganda jipya tangu mwanzo. Je, mafundi wake walifanya nini? Walilichukua ganda lile lile la Gras, wakalibana mabega na shingo kutoka milimita 11 hata 8, na kiasi cha bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 kikapatikana. Naam, kazi ya kubana shingo, ambayo wahunzi wa Samori waliifanya ili kulifufua ganda la kale, Wafaransa waliifanya ili kuzaa ganda jipya. Kubana shaba ni jambo lililowezekana pande zote mbili. Lakini baruti ya Vieille haikutoka katika makaa, kiberiti na shura, bali katika chumba cha kemia, na hapo pengo kati ya mhunzi na kiwanda likawa pana kuliko bahari.

Mwaka 1898 Samori, akisukumwa na Wafaransa, aligeuka kuelekea misitu ya upande wa Liberia. Njaa iliwashika watu wake, wengi wakafa na wengine wakamkimbia. Tarehe 29 Septemba mwaka huo Kapteni Gouraud alimkamata kambini kwake huko Guélémou. Wakampeleka uhamishoni Gabon, naye akafa huko tarehe 2 Juni 1900. Nisingependa useme kwamba alishindwa kwa ajili ya ganda la shaba peke yake. Alishindwa kwa kukosa mizinga, kwa njaa, kwa kuchukiwa na aliowateka, na kwa kuzungukwa pande zote. Lakini ukiziangalia sababu hizo utaona kwamba uhaba wa viasi umeingia katika nyingi. Aliuza watu na kuteka nchi ili apate silaha. Na kila njia ya silaha ilipofungwa ilimlazimu kuhama na kuteka tena.

Ili upate kuhakikisha neno hili, mlinganishe na Mfalme Menelik wa Ethiopia. Yeye naye alikuwa na bunduki za Gras na nyinginezo, wala hakuwa na viwanda vya kuzitengeneza. Lakini mlango wake haukufungwa: silaha zilimfikia kwa njia ya pwani ya Wafaransa huko Djibouti, na Waitalia wenyewe walimpa kabla ya kugombana naye. Viasi vilienea Ethiopia hata vikatumika sokoni kama fedha ndogo. Mtu alinunua vitu vyake akalipa kwa kiasi cha bunduki. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, jeshi la Menelik liliwashinda Waitalia ushindi mkubwa. Ushujaa ulikuwako Ethiopia, na ulikuwako Wassoulou pia. Tofauti moja iliyo dhahiri ni kwamba mmoja aliweza kujaza mikanda ya askari wake, na mwenzake akaokota maganda.

Hata hapa kwetu jambo hili halikuisha pamoja na karne ile. Katika miaka ya vita vya Mau Mau, tangu mwaka 1952, wapiganaji wa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango. Mtutu waliweza kuupata; viasi ndivyo vilivyokuwa haba, hata serikali ya wakoloni ikafanya kupatikana na risasi bila ruhusa kuwa kosa la kifo. Dedan Kimathi alipokamatwa mwezi wa Oktoba 1956, alishtakiwa kwa kuwa na bastola moja na risasi 6. Alihukumiwa kifo, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Serikali haikuona haya kuhesabu risasi sita mbele ya mahakama, kwa kuwa ilijua kwamba bunduki isiyo na viasi ni rungu tu.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Samori hakutegemea hata cha ndugu, bali cha adui. Walakini nisingependa uishike methali hiyo na kuwasahau wahunzi. Majina yao mengi hayakuandikwa vitabuni, na kazi yao haikumwokoa bwana wao. Lakini watu waliochukua chombo kigeni, wakakifungua, wakakifahamu, wakatoa mfano wake kwa nyundo na tupa, si watu wa kuambiwa kwamba walisubiri mikuki mkononi mpaka wakatekwa. Walikuwa katika njia ya kujifunza, na muda ndio uliowaponyoka.

Basi ukikuta tena katika kitabu chako picha ya vita vya zamani, na chini yake pameandikwa kwamba upande huu ulikuwa na bunduki na ule haukuwa nazo, usiridhike upesi. Uliza bunduki hizo zilikula nini, chakula chake kilifuliwa wapi, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kufunga mlango wa ghala. Maswali hayo yatakupeleka mbali kuliko picha yenyewe.